Talaka ya karatasi ya sheikh ilivyokwamisha viza ya Marekani: kisa kimoja mwanzo mpaka mwisho

Septemba 2022 dada mmoja aliletwa kwangu na jirani yake, kabeba karatasi mbili kwenye bahasha ya kaki. Ya kwanza ni ile karatasi ya ubalozi wa Marekani hapa Dar wanayokupa dirishani viza ikisimama, wenyewe wanaiita 221(g), na afisa kaweka alama kwamba anataka amri ya talaka kutoka mahakamani. Ya pili ilikuwa talaka yake yenyewe. Karatasi ya daftari, maandishi ya mkono, sahihi ya mume, mashahidi wawili, muhuri wa msikiti, tarehe ya mwaka 2016. Akaniuliza, "Dada, wanataka talaka gani tena wakati talaka yangu hii hapa?"

Kisa chote kiko kwenye hilo swali. Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, natambulika chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kazi yangu ni kumsikiliza mtu, kumpangia karatasi zake, kumwelekeza na kumkabidhi kwa wakili pale panapohitaji wakili. Naandika hiki kisa kwa ruhusa yake, jina sitaji na vitu vidogo vidogo nimevigeuza asijulikane, ila mambo ya sheria yako vilevile.

Historia yake ni ya kawaida kabisa. Aliolewa kwa nikah 2010 hapahapa Dar, cheti cha ndoa akapata, 2012 akazaa binti. 2016 wakashindwana, mume akamwandikia talaka mbele ya sheikh na wazee wa pande zote mbili, akakaa eda, akaisha, akarudi kwao na mtoto. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemficha kitu, kila mtu mtaani anajua yule dada kaachwa. 2019 akapata mchumba, Mtanzania aliyehamia Marekani zamani na ashachukua uraia wa huko, anaishi Ohio. Jamaa akaja likizo Desemba, nikah ikafungwa, sheikh aliyefungisha akaomba aone talaka ya kwanza, akaonyeshwa ile karatasi, akaridhika kwa sababu kidini iko sawa. Cheti kipya cha ndoa kikatoka, na pale kwenye hali ya bibi harusi kabla ya ndoa kimeandikwa mtalaka. Mwaka 2020 mume akajaza I-130, fomu ya kumwombea ndugu ahamie Marekani, kwa ajili ya mkewe, akalipa dola 535 za wakati ule, USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya huko, wakaipitisha, faili likaenda NVC, kituo chao cha kuandaa mafaili ya viza, likaja Dar, na kwenye intavyuu ndo mambo yakasimama.

Sasa tatizo liko wapi. Tanzania Bara ndoa zote, za bomani, za kanisani, za msikitini, za kimila, ziko chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Hiyo sheria inakuruhusu kabisa kufunga ndoa Kiislamu, inaitambua, inaisajili, lakini kuitoka haikuachii utoke kwa mlango uleule ulioingilia. Kifungu cha 12 kinataja njia ambazo ndoa inaisha: kifo, amri ya mahakama kwamba mwenzako aliyepotea achukuliwe amefariki, amri ya kubatilisha ndoa, amri ya talaka ya mahakama, au talaka iliyotolewa nje ya nchi kwa utaratibu ambao sheria yetu inautambua. Basi. Talaka iliyoandikwa msikitini Temeke haimo. Kwa dini huyu dada alikuwa huru tangu eda ilipoisha, kwa sheria ya nchi alikuwa bado mke wa mtu siku anaolewa na wa Ohio. Na ile sheria inasema mwanamke aliye kwenye ndoa haruhusiwi kufunga nyingine, akifunga hiyo ya pili ni batili, yaani ni kama haikuwepo.

Nilipomweleza hivyo alikaa kimya muda mrefu halafu akaanza kulia. Viza ilikuwa sio kitu tena. Alikuwa analia kwa sababu alinielewa kwamba miaka yote ile kaishi na mwanaume asiye wake. Ilibidi tumpigie sheikh wake palepale, mzee wa watu akamwambia taratibu, "Mwanangu, kwa Mungu wewe hukufanya kosa, hayo mengine ni karatasi za serikali, zifuateni mzimalize." Nilimshukuru sana yule mzee maana mimi maneno yangu ya vifungu yasingemfuta machozi.

Na hapa kuna kitu kinaniuma kila nikifungua hili faili. Yule mume wa kwanza naye alioa tena 2017. Yeye hana shida yoyote, kwa sababu ndoa ya Kiislamu sheria inaichukulia kwamba inaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, kwa hiyo hata kama kisheria hakuwa amemwacha wa kwanza, wa pili ni halali. Karatasi moja, watu wawili, mwanaume imempitisha na mwanamke imemnasa. Ndo maana wanaokuja kwangu na hili jambo ni kina dada tu, mwanaume sijampata hata mmoja.

Ngoja niseme haraka kwa wenzetu wa nje ya Bara maana mtauliza. Zanzibar hiyo sheria ya 1971 haihusiki, huko kuna Mahakama ya Kadhi ya kiserikali na talaka za Waislamu zinapita huko. Kenya nako Kadhi yupo ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 170, kwa hiyo Muislamu wa Mombasa ana mahali pa kupeleka talaka ikapata karatasi ya mahakama. Bara BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu, wana kadhi wao na wanasuluhisha vizuri tu, lakini amri ya kuvunja ndoa mbele ya serikali inatoka mahakama ya kawaida. So kabla hujamshauri ndugu yako muulize kwanza aliachwa wapi, maana jibu la Unguja sio jibu la Mbagala.

Kwa nini Marekani wanajali sheria yetu? Kwa sababu wao kwenye mambo ya uhamiaji hawana sheria yao ya kusema ndoa ya Tanzania ni halali au sio halali, wanaangalia ilikofungwa. Ikiwa halali huko, wanaitambua, na kama mmoja alishawahi kuoa au kuolewa lazima aonyeshe ile ya kwanza ilivunjwa kisheria kabla ya tarehe ya ndoa mpya. Kabla, sio baada. Kwa hiyo huyu dada hata angekimbia mahakamani akapata amri ya talaka ya 2023, angekuwa amewapa ushahidi kwamba mwaka 2019 alikuwa bado mke wa mtu. Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanadhani ni karatasi moja tu imepungua, waipeleke yaishe.

Wengine wataniuliza sasa mbona USCIS waliipitisha hiyo I-130 mwanzoni. Nilipoomba nakala za vilivyotumwa nikaona. Ile karatasi ya sheikh ilitafsiriwa na binamu wa mume, na kijana wa watu kwa nia njema kabisa akaipa kichwa cha habari kwa Kiingereza kinachosomeka kama cheti cha talaka kilichotolewa na mamlaka. Anayesoma kule Marekani ataona cheti cha talaka, 2016, anapitisha. Afisa wa hapa Dar ana wafanyakazi wanaojua Kiswahili, akaiona ile ya asili, ukurasa wa daftari na muhuri wa msikiti. Nawaomba sana wanaotafsiri nyaraka za ndugu zao, andikeni kilichoandikwa. Kama ni barua ya sheikh iiteni barua ya sheikh. Tafsiri ikipandisha cheo karatasi, anayekuja kubanwa dirishani ni mwenye karatasi.

Kosa la pili nililikuta humohumo. Mume aliomba mke peke yake akijua mtoto ataingia na mama yake. Haiko hivyo. Mke wa raia wa Marekani yuko kwenye kundi ambalo halibebi mtoto mgongoni, kila mtu na I-130 yake, na mtoto wa kambo anakubalika ilimradi ndoa iliyomfanya awe mtoto wa kambo ilifungwa kabla hajafika miaka 18. Binti alikuwa na miaka 10, tulikuwa na muda, lakini hebu fikiria angekuwa na 17 na ndoa yenyewe imeonekana batili. Hiyo tarehe ya miaka 18 ningeipigania kuliko kitu chochote kingine kwenye faili.

Wiki ileile alipotoka ubalozini, kabla hajafika kwangu, ashakutana na kishoka. Wanaokaa maeneo ya mahakama na ofisi za serikali wanawajua hawa watu, sio mawakili, wana suti na bahasha na maneno mengi. Huyu alimwambia kwa laki sita anamletea amri ya talaka ya mahakama yenye tarehe ya 2017, muhuri na kila kitu, na shida yote imekwisha. Na ukweli lazima niuseme, alikuwa anakaribia kumlipa. Ukishaona miaka miwili ya kusubiri inaungua mbele yako laki sita ni ndogo.

Nilimwambia hivi. Amri ya mahakama ina namba ya shauri, ina hakimu, ina rejista, na ubalozi una watu ambao kazi yao ni kuandika barua mahakamani kuuliza kama hilo shauri lipo. Wakiambiwa halipo, hapo hujakosa viza ya leo tu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema aliyetumia udanganyifu au nyaraka ya uongo kutafuta viza anazuiliwa maisha, na msamaha wake unahitaji kuthibitisha kwamba mume au mzazi wako aliye raia au mwenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) atapata mateso makubwa yasiyo ya kawaida usipoingia. Mpaka dakika ile yeye alikuwa mtu aliyekosea bila kujua, mwenye karatasi ya kweli inayoonyesha aliamini kaachwa. Hiyo karatasi ya daftari aliyokuwa anaiona aibu ndo ilikuwa kinga yake, na angeibadilisha na ya kishoka angekuwa amejivua mwenyewe.

Halafu kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa Ohio mtu akamwambia mumewe kuna Mghana anafanya naye kazi, talaka yake ilikuwa ya kimila na alipita kwa hati ya kiapo tu, so na nyie tengenezeni hati ya kiapo. Hili lilitaka kutuchanganya kwa sababu lina ukweli ndani yake. Kuna uamuzi wa bodi ya rufaa ya uhamiaji ya Marekani wa mwaka 2008, unaitwa Matter of Kodwo, ulikubali kwamba talaka ya kimila ya Ghana inaweza kuthibitishwa kwa hati za viapo zenye masharti fulani badala ya amri ya mahakama. Lakini walikubali kwa sababu sheria ya Ghana yenyewe inaitambua talaka ya kimila kuwa inavunja ndoa. Yetu haiitambui ya msikitini. Kiapo kinathibitisha jambo ambalo sheria ya kwenu inalikubali, hakiwezi kuongeza kitu ambacho sheria ya kwenu imekikataa.

Basi tukaanza upya kwa upande wa hapa. Huwezi kwenda tu mahakamani kudai talaka, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kwa Waislamu wengi ni la BAKWATA au la kata, na likishindwa kuwapatanisha linakupa Fomu namba 3. Bila hiyo fomu shauri lako linatupwa, na hiyo fomu ina umri, shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu itolewe. Nimeona watu wakipata fomu wanaiweka kabatini mpaka wapate hela ya wakili, wanakuja mwezi wa nane, tunarudi baraza tena.

Mume wa kwanza aliitwa mara mbili hakuja. Hakuwa na ubaya, aliogopa. Kwenye kichwa chake kusikia mtalaka wako wa miaka sita kafungua jambo barazani maana yake anakuja kudai nyumba, na yeye alijenga Chamazi kipindi wako pamoja. Sheria ilikuwa inaturuhusu kuendelea hata kama anakataa kuja kwa makusudi, lakini mimi sikutaka twende hivyo kwa sababu tulikuwa tunamhitaji kwa ajili ya mtoto. Nikaenda kwa mjomba wake ambaye alikuwa shahidi kwenye ile talaka, nikamweleza polepole nini kinatafutwa. Wito wa tatu akaja na mjomba wake, akakaa, wenyekiti wakamuuliza kama yuko tayari kurudiana na mkewe, akashangaa, "Mke gani jamani? Nilishamwacha huyu, ana mume wake!" Fomu 3 ikatoka Januari 2023.

Hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo wakili alitufafanulia na nalitaka lieleweke. Kifungu cha 107 kina kipande maalumu kwa ndoa za Kiislamu: kama baraza limethibitisha limeshindwa kupatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya kitendo ambacho kwa dini kingevunja ndoa, mahakama inatakiwa ikubali ndoa imevunjika na itoe amri ya talaka. Yaani sheria ina mlango wa talaka ya Kiislamu, ila mpangilio wake ni baraza kwanza, talaka baadaye, mahakama mwisho. Talaka yake yeye ilikuwa ya 2016 na fomu ya 2023, mpangilio uko kinyume. Njia rahisi ilikuwa kumwomba baba mtoto aandike talaka nyingine baada ya fomu. Baba mtoto akakubali lakini dada akakataa katakata, akasema, "Ananiachaje wakati mimi sio mke wake? Hiyo si ni kumchezea Mungu?" Na mimi nilimwelewa. Sikumlazimisha.

Wakili naye wala hakusumbuka, akasema tuna njia nyingine nyoofu zaidi. Kifungu hichohicho kinahesabu utengano wa hiari wa miaka mitatu au zaidi kuwa ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika haiwezi kurekebishika, na hawa walikuwa wametengana karibu miaka saba, na ile karatasi ya talaka inaingia kama ushahidi wa lini na kwa nini walitengana. Shauri likafunguliwa Machi 2023 kule Kituo Jumuishi Temeke ambako mashauri ya ndoa na mirathi yamewekwa pamoja, na kwa kweli kwa mtu mwenye mambo ya familia tu pale ni nafuu, huzungushwi.

Tulifanya mambo mawili kwenye shauri hilohilo na nashauri kila mwenye safari ya nje ayafanye. Moja, uangalizi wa mtoto. Binti alikuwa anakaa na mama siku zote lakini hapakuwa na karatasi yoyote, na ubalozi kwa mtoto ambaye baba yake yupo hai wanauliza idhini iko wapi. Tukaomba mahakama itoe amri mtoto akae na mama, na ridhaa ya baba ya mtoto kuhamia nje iandikwe ndani ya kumbukumbu za shauri. Baba alikubali kwa sharti moja, azungumze na mwanae kila Jumapili na likizo ndefu aje. Likaandikwa.

La pili ni mali. Dada alisema hataki chochote kwenye nyumba ya Chamazi. Sikufurahi, na nilimwambia sikufurahi. Tangu uamuzi wa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu wa 1983 Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye kupatikana kwa mali, na yeye alikaa kwenye ile ndoa miaka sita, akapika, akalea, akauza vitumbua pesa ikanunua tofali. Haki alikuwa nayo. Ila mtu mzima akishaelezwa haki yake na akachagua, kuchagua nako ni haki yake, na alichokitaka yeye ni amani na saini ya baba mtoto. Tuliandika kwa maneno yake mwenyewe ili baadaye asije mtu kusema alidanganywa.

Amri ya talaka ilitoka Agosti 2023. Wakili akamwambia usikimbilie kuolewa kesho yake, subiri siku 45 za rufaa zipite, halafu talaka isajiliwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa. Ikabaki ile nikah ya 2019. Cheti chake kipo, kimesajiliwa, na kisheria ni batili. Ukienda bomani kufunga nyingine na mtu yuleyule msajili atakuuliza si mmeshaoana? Wakili akafungua ombi dogo mahakama itamke kwamba ile ya 2019 ilikuwa batili, akaeleza ukweli wote bila kuzunguka, na ikatamkwa.

Wakati huo kule Ohio mume alikuwa amepata ushauri kwenye shirika la hisani lenye mtu mwenye kibali cha wizara ya sheria ya Marekani cha kuwakilisha watu kwenye mambo ya uhamiaji, hawa sio lazima wawe mawakili lakini wana kibali, tofauti na yule wa mtaani anayejaza fomu kwa dola mia mbili. Ikaja hoja nzuri: kwa kuwa kisheria hawajaoana, mbona wasitumie viza ya mchumba, K-1? Faida yake ni kwamba mtoto anaingia kwenye ombi hilohilo, na masharti ni wawe wameonana uso kwa uso ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba na waoane ndani ya siku 90 tangu aingie. Tulilipima hili wiki mbili. Mwisho wakaikataa, kwanza kwa sababu baada ya kuingia angelazimika kuomba grinikadi upya huko huko kwa gharama nyingine kubwa, pili, na hii ilitoka kwa mama yake dada, "Mwanangu hatoki hapa bila ndoa." Hoja ya mama ilishinda na sioni kosa.

Ile I-130 ya zamani mume akaiondoa mwenyewe kwa barua ya maelezo, badala ya kusubiri USCIS wamwandikie kwamba wana nia ya kuifuta. Februari 2024 akaja, notisi ya siku 21 bomani ilikuwa ishabandikwa kabla hajafika, ndoa ikafungwa mchana na jioni sheikh akawasomea dua nyumbani. Aprili akaweka I-130 mbili mpya, ya mke na ya binti, na ada ilikuwa ishapanda siku chache nyuma, dola 625 kwa kila moja kwa njia ya mtandao. Ndani tuliweka kila kitu kwa mpangilio wa tarehe: cheti cha 2010, talaka ya sheikh ya 2016 ikiwa na tafsiri sahihi safari hii, cheti cha 2019, Fomu 3, amri ya talaka, amri ya ubatili, cheti cha 2024, na kiapo cha dada cha kurasa mbili kinachoeleza kwa nini kwenye fomu za mwanzo aliandika kaachika 2016. Kuna ndugu waliotaka tufiche ya 2019 kwa hoja kwamba ishabatilishwa. Faili la kwanza Wamarekani wanalo, unaficha nini?

Kwenye intavyuu ya pili, 2025, afisa alimuuliza hilohilo swali, kwa nini safari iliyopita ulisema umeachika. Akajibu kwa Kiswahili, maana niliwahi kumwambia omba mkalimani usijitese na Kiingereza siku ya maisha yako: "Kwa dini yangu nilikuwa nimeachika. Kwa sheria ya nchi yangu nilikuwa sijui kama bado. Nilivyojua nikaenda mahakamani." Afisa akapitia karatasi, akauliza kuhusu baba wa mtoto, akaona amri, akasema sawa.

Waliingia Oktoba 2025, mama na binti. Masharti ya viza za Marekani kwa watu wetu yamebadilika sana tangu wapite, kwa hiyo usichukue miezi yao ukaifanya ratiba yako, uliza hali ilivyo leo. Na lile kosa la 2019 bado limewafuata kidogo. Kama ndoa ile ingekuwa halali angeingia na grinikadi ya miaka 10, lakini ndoa inahesabiwa kuanzia Februari 2024, haikuwa imefikisha miaka miwili siku anaingia, so wote wawili wana kadi ya masharti ya miaka 2. Kuanzia Julai 2027, ndani ya zile siku 90 kabla kadi hazijaisha, yeye na mumewe wanatakiwa wajaze I-751, fomu ya kuondoa hayo masharti, pamoja na ushahidi wa maisha ya ndoa, mtoto anaingia humohumo kwa kuwa aliingia siku moja na mama. Na mtoto wa kambo hapati uraia wa Marekani kwa sababu tu baba wa kambo ni raia, hilo nalo nimeshawaambia wasije wakamchukulia pasipoti kwa kudhani.

Mtu akiniuliza aanzie wapi huwa namwambia TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa msaada wa bure hapa nyumbani, na wakili wa huku azungumze na wa kule kabla hujasaini kitu, kwa sababu kwenye hiki kisa wa huku peke yake angetoa talaka akadhani kamaliza, na wa kule peke yake asingejua Fomu 3 ni kitu gani. Dada ameweka Julai 2027 kwenye simu yake, mumewe ameweka, na mimi nimeiandika nyuma ya jalada la faili kwa kalamu nyekundu. Binti Jumapili anapiga simu kwa baba yake, saa tatu usiku ya huku.